Bi. Rosaline Nabwile: Sauti Chini ya Droni

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Rosaline Nabwile anastaafu kutoka Shirika la Nena Bila Hofu, Kitale, baada ya miaka kumi na tisa ya kunasa sauti za watu.

Mama Nabwile, mzaliwa wa Tongaren, aliajiriwa kwa kazi moja tu: kumshikia mwananchi maikrofoni aseme lililo moyoni, kisha video iwekwe mtandaoni ili Wakenya wajue haki yao ya kujieleza. Kipaji anacho. Mtu aliyeapa hana la kusema, Mama akimwuliza tu habari ya mahindi, humwaga yote mpaka ya chifu.

Kisha Mkurugenzi wetu, Bwana Kiarie, akaenda semina Mabanga, akarudi na droni, kile kindege cha kupiga picha kutoka angani. Tangu hapo video zetu zimependeza mno. Zinaanza na mashamba ya Bungoma kutoka juu, zinaisha na Mlima Elgon kutoka juu, na katikati wamo wananchi, nao pia kutoka juu. Kwa kuwa droni hunguruma kama kinu cha posho, sauti za watu ziliondolewa, kikawekwa kinanda. Video yetu ya "Sema, ni Haki Yako" haina mtu anayesema. Ilitazamwa sana, na maoni mengi yalitoka kwa watu wanaouliza bei ya ploti.

Kule Kapsokwony, mkulima mmoja, Mama Jepkorir, alijikaza akasema kwamba zahanati haina dawa, na chifu amesimama papo hapo. Video ilipotoka, alimpigia Mama Nabwile simu: "Sasa madam, si hiyo leso ya kichwa ni yangu? Na maneno yangu mlipeleka wapi, bana?" Mama alikosa jibu, na jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Alilileta mkutanoni. Mkurugenzi alimpongeza kwa ujasiri wake, akaliweka chini ya Mengineyo, ile sehemu ya mwisho ya ajenda ambayo kwetu hufikiwa watu wakishasimama kwa sala ya kufunga. Akalileta tena, na tena. Hakuna aliyemnyamazisha, jamani. Muda uliisha tu.

Sherehe ya leo nayo ilipangwa vizuri: hotuba ya Mkurugenzi kuhusu uhuru wa kujieleza, droni kumpitia juu mstaafu akipunga mkono, chakula, kisha Mengineyo: neno la mstaafu.

Mimi Kigen ndiye niliyepewa kuchapa ratiba, na nimeirekebisha kidogo. Betri za droni nitazitoa mfukoni baada ya chakula.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kumngoja mtu amalize anachosema. Nenda Tongaren ukapumzike, shamba likubali, wajukuu wakuchoshe kwa maswali, na Kapsokwony wakipiga simu uwe na jibu.

Leo tunaanza na Mengineyo. Maikrofoni ni yako.