Saa Moja Kabla ya Kengele

Mgeni rasmi, Mama Mkaguzi wa masomo, karibu kwetu Rwambuzi. Umetukuta tumevaa vizuri na ua umefagiliwa, lakini fahari yetu ya leo iko katika darasa la mwisho, lile lenye dirisha moja. Tunaomba tukusimulie ilivyoanza.

TULIKOTOKA

Miaka mitatu iliyopita, mwaka wa saba ulianza na wanafunzi hamsini na wawili. Pasaka ilipofika walibaki thelathini na wanane. Sisi walimu tulisema watoto wa siku hizi ni wavivu. Sisi wazazi tuliitikia. Hakuna aliyeuliza walianza kushindwa lini.

MADAME MUSOKI NA ÉMILIENNE

Mwaka uliofuata, katika wiki ya sita, mwalimu wetu Godelive Musoki alimwomba Émilienne asome daftari lake. Binti huyu alikimbia vita Djugu, na anaishi kwa shangazi yake, mama Solange, anayeuza samaki wakavu wa Tchomia. Mwandiko wake ulishinda wa wote darasani, na Madame Musoki alimhesabu kati ya wale wasiompa wasiwasi.

Émilienne akasimama, akasoma bila kukwama. Madame akachungulia daftari, akashtuka. Binti alikuwa anatamka somo la juzi, na ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa wa jana.

Hakumwaibisha. Alimwambia, “Asante, kaa.” Wengine walipotoka, alimketisha karibu naye.

“Tangu lini, mwanangu?”

“Tangu tulikimbia, Madame. Nilikuwa mu deuxième, mwaka ya pili. Kufika ku camp ya bakimbizi, balimu baliangalia urefu yangu tu, balinitia mu cinquième, mwaka ya tano.”

“Na masomo unafanya je?”

“Nashika mu kichwa vyenye unasema. Vyote.”

Madame alijilaumu. Wiki sita alikuwa amemsifu binti huyu kwa kuchora herufi asizozijua. Jioni hiyo alimfuata mama Solange sokoni.

“Mutoto iko mukubwa, Madame,” mama Solange alisema. “Kama hajue kusoma mpaka sasa, akuye anisaidie ku soko. Ao utamurudisha na batoto badogo, bamucheke?”

“Hapana, mama. Atabaki mu septième na benzake. Unipe tu saa moja kila asubui, mbele ya kengele, nimufundishe.”

Mama Solange alipanga samaki wake kwanza, kisha akajibu: “Sawa. Lakini usimuache mu njia.”

TUNACHOJIVUNIA

Asubuhi ya kwanza, katika darasa lile la dirisha moja, alikuja Émilienne peke yake. Wiki ya pili walikuwa kumi na mmoja, maana habari ilipita kimya kimya kati yao, na kila mmoja alileta alichokuwa anakificha: huyu kusoma, yule kugawanya. Madame hakufoka, hakumlinganisha mtu na mwenzake. Mwaka ule hakuna hata mmoja wao aliyeacha masomo.

Mwezi wa sita, mbele ya wazazi wote, Madame alimpa Émilienne gazeti ambalo alikuwa hajawahi kuliona. Alisoma polepole. Akakosea neno, akalirudia, akalirekebisha mwenyewe. Mama Solange alipiga vigelegele pale pale kwenye kosa, nasi tukamfuata, maana anayekariri hakosei namna ile.

Mwaka jana Émilienne alifaulu mtihani wa mwaka wa nane, yeye na wenzake wanane. Wawili wanarudia, na bado wanawahi kengele.

LINALOTUSUMBUA, NA TUNALOKUOMBA

Darasa lile lina giza asubuhi, na mvua ikinyesha, bati linavuja juu ya benchi za mbele. Hilo tutalitengeneza wenyewe; wazazi wamekwisha kubaliana.

Lingine hatuliwezi peke yetu. Tumesikia kwamba Madame Musoki atahamishwa kabla ya Noeli. Hatubishani na wakubwa, na shule atakayopewa itakuwa na bahati. Tunaomba tu, Mama Mkaguzi, kwamba akienda, awe amepewa muda wa kuwafundisha wenzake kumtambua mtoto mapema, kabla hajajifunza kujificha. Na akibaki, hatutalalamika.

Mwaka huu amekwisha kutambua watoto tisa. Majina yao hatuyasomi hapa, kwa heshima yao. Kesho asubuhi watakuwa mlangoni wakimngoja.

Mungu akulinde njiani, aibariki nyumba yako, aipe Ituri amani ili watoto wasome mahali pamoja bila kukimbia tena.

Ni sisi, Wazazi na Walimu wa mwaka wa saba na wa nane, Rwambuzi, Bunia. Risala hii imesomwa kwa niaba yetu na Papa Fulgence.