Hotuba ya Dakika Tano ya Ndugu Yetu Kimya

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wetu, ambaye tangu utotoni tulimwita Kimya, jina alilolipata kwa haki, kwani hata akikanyagwa mguu yeye ndiye aliyeomba radhi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa nne kati ya sita, akaanza shule ya msingi mwaka 1977 na kumaliza sekondari mwaka 1987, akisifiwa kwa mwandiko na kuadhibiwa kwa kukataa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Tarehe 2 Julai 1990 aliajiriwa katika kiwanda cha magodoro, chumba cha kuchambua pamba, ambako madirisha hayafunguki na vumbi hukaa kwenye kope kama unga, na hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote. Tarehe 17 Septemba 1994 alifunga ndoa na wifi yangu huyu aliyeketi mbele, ingawa neno la shukrani siku hiyo alisemewa na msimamizi wake, bwana harusi akihangaika kufuta jasho, na wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mvulana, wawili wasichana.

Mwaka 2016, baada ya mwenzake wa mashine ya jirani kurudishwa nyumbani akiwa na kifua kibovu, marehemu alijiunga na klabu ya wazungumzaji, inayokutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa chakula pale kiwandani, na sote tulidhani anatutania. Kwa desturi ya klabu hiyo, kila mwanachama hutangaza lengo lake mbele ya wenzake, nao humnoa, na haliendei lengo hilo mpaka wote wanyanyue mikono kukubali kwamba ameiva. Lengo la Kimya lilikuwa moja tu, kusimama mbele ya meneja katika mkutano wa wafanyakazi wote wa mwezi wa Desemba, na kwa dakika tano kuomba mashine za kuvuta vumbi.

Mwaka wa kwanza mikono haikutosha, kwa sababu alikuwa akitazama viatu vyake, mwaka wa pili wakasema sauti sasa ipo ila aanze na kichekesho, naye akahangaika kutafuta kichekesho, mtu ambaye hakuwahi kuchekesha hata watoto wake, na muda wote huo alikuwa akivuta vumbi lilelile. Sina ugomvi na wanaklabu, walimpenda kweli, lakini inaniuma kwamba walimnoa mpaka makali yakaisha.

Tarehe 14 Desemba 2018, mikono yote ya wanaklabu ikiwa imeshanyanyuliwa, alisimama mkutanoni, akainua uso, akasalimia vizuri kabisa, kisha kikohozi kikamshika na hakikumwachia, na meneja akamshukuru kwa mchango wake na kumshauri anywe maji ya moto. Alilazwa Februari 2019 kwa ugonjwa wa mapafu, akarudi nyumbani, akalazwa tena, na wodini alimwomba mkewe ashike saa apime hotuba, lakini kila sentensi ilimlazimu apumzike, na mwishowe akamwambia aiweke tu hiyo saa. Alifariki tarehe 9 Agosti 2019, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliosema ukweli bila kutuzungusha, majirani waliopika na kulala nasi, wanaklabu waliokuja na shada, na wafanyakazi wa chumba cha pamba, ambao wamepewa ruhusa mpaka saa nane mchana, na ambao nawasikia wakikohoa huko nyuma.

Tunaushukuru pia uongozi wa kiwanda, uliotuletea jeneza na usafiri, na ambao kwa kuihurumia familia umempa kijana wa marehemu nafasi iliyoachwa na baba yake, katika chumba kilekile, anaanza Jumatatu, na kwa kuwa nyumba haina mshahara mwingine tumekubali.

Kapumzike salama, mdogo wangu.