Hewa Iliyozunguka Kushoto

Vuuuuuu.

Tulieni kidogo, usikieni tena. Vuuuuuu.

Wasikilizaji wapendwa, huo ni moto. Mlio mnene, mmoja, usiokohoa hata kidogo. Tuliurekodi katika kiwanda cha vigae, mbele ya tanuri kubwa. Aliyeutengeneza hatunaye tena. Tulimzika wiki iliyopita. Wenzake kazini walimwita Mzee Ukungu.

Mzee Ukungu alikuwa mbunifu wa vichomeo. Kichomeo ni kile kichwa cha chuma kinachokaa mdomoni mwa tanuri, kinapokea mafuta na hewa, kinatoa moto. Wapo wanaosema moto ni moto tu: mwaga mafuta, washa njiti, kaa pembeni. Wakayaseme hayo kwingine! Mbele ya Mzee Ukungu wangejibiwa: "Mafuta hayaungui, ndugu yangu. Unaoungua ni ukungu wake." Yaani mafuta yapasuliwe kwanza, yawe vitone vyepesi kama pumzi ya asubuhi ya baridi, na kila kitone kipate hewa yake. Hewa ikipungua, unapata moshi. Hewa ikizidi, joto linatorokea kwenye dohani, bomba la kutolea moshi. Ukungu na hewa. Umri wake wote aliumalizia hapo.

Mtu aliyekuwa naye karibu zaidi kazini ni binti yake, fundi kama yeye. Binti anakumbuka alivyofundishwa akiwa msichana mdogo. Baba aliweka sufuria ya maji mezani, akayakoroga kuelekea kulia, kisha akanyunyiza unga, naye akiuzungusha kulia vilevile.

Mama akatokea mlangoni. "Huo unga ni wa kula au wa shule yenu?"

"Mama watoto, subiri kidogo. Mtoto anaona."

"Anaona njaa inakuja!"

Lakini somo liliingia. Hewa izunguke kulia, mafuta yazunguke kulia. Vyote upande mmoja. "Vikigombana," baba alisema, "moto unarudi nyuma, unamla aliyeuwasha." Binti akakua na neno hilo, akaolewa nalo, akazaa nalo. Kulia, mwanangu. Kulia.

Basi shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kinapovurugika.

Miezi ya mwisho, akili ya mzee ilianza kumchezea. Alikuwa akivaa shati ndani nje na kukubishia kwamba wewe ndiye umelivaa vibaya. Alikuwa akimwita binti yake kwa jina la shangazi wa binti huyo, aliyekwisha kufariki. Halafu, kwenye kiti hichohicho, alikuwa akikwambia feni fulani inasukuma hewa kiasi gani, na ukienda kupima unakuta ni sawasawa. Akili yake ilikuwa ikiondoka na kurudi, mwenyewe hajanyanyua hata mguu.

Na ni katika miezi hiyo alipotengeneza kichomeo cha kiwanda cha vigae. Alikitengeneza peke yake. Binti alikuwa amesafiri kufunga boila ya hospitali, na aliporudi akakuta chuma kimeshachomelewa, kimefungwa na kupakwa rangi.

Kikawashwa. Jamani! Moto ulitoka mfupi, mpana, mweupe, bila uzi wa moshi. Vigae vya nyuma ya tanuri, ambavyo siku zote vilitoka vibichi, vikaiva sawa na vya mbele. Mzee akainama kwenye tundu la kuchungulia, akatazama muda mrefu, kisha akacheka.

"Hiki kakitengeneza nani?" akauliza.

Watu wakaangua kicheko. "Si wewe, mzee!"

"Basi mpeni pole. Kajichosha."

Mwezi haukuisha, mzee akafariki usingizini.

Baada ya maziko, meneja wa kiwanda akapiga simu. Anataka kichomeo kingine kama kile, kwa ajili ya tanuri dogo. Binti akaenda kukifungua kile cha kwanza ili achukue vipimo. Ndani ya kichomeo kuna sahani yenye mapezi yanayoipinda hewa ili izunguke. Akaitoa. Akaipangusa. Akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akakaa juu ya pipa kama mtu aliyepigwa kofi asijue na nani.

Mapezi yalielekea kushoto.

Mafuta yanazunguka kulia. Hewa inazunguka kushoto. Moto bora kuliko yote aliyopata kuitengeneza mzee unavunja amri ambayo mzee huyohuyo aliihubiri maisha yake yote.

Iliwezekanaje? Kwa urahisi mno. Mapezi huchorwa kwa kiolezo cha bati. Ukikilaza kiolezo kifudifudi, kila pezi linageuka upande. Wanafunzi wengi walifokewa kwa kosa hilo. Mzee alikuwa amekipaka rangi nyekundu upande mmoja, kusudi mtu asijisahau. Je, alijisahau yeye mwenyewe? Au aliigeuza ile nyekundu kwa makusudi, akiwa amegundua jambo?

Binti alimpelekea mama yake swali.

"Baba yako alikuwa na akili zake timamu," mama akasema. "Usinizikie mume mara mbili."

"Kwa hiyo alijua, mama?"

"Alijua."

"Alijua nini?"

Mama akakunja kanga, akaikunjua. "Hilo sasa sijui. Lakini alijua."

"Mama, aliniita shangazi mpaka siku ya mwisho."

"Alikuwa anakutania tu."

"Na lile shati?"

"Mwanangu, niache."

Mnaona mahali alipokwama binti? Kama mzee alikusudia, lazima alibadilisha na mengine: tundu la mafuta, pengine, au umbali kati ya tundu na sahani. Binti apime nini, aache nini? Na kama alikosea, basi lile tanuri kubwa limebahatika tu, na tanuri dogo, lenye koo fupi la kupitishia moto, linaweza kuurudisha moto usoni mwa anayeliwasha. Binti alijaribu karakanani, kwa kichomeo cha majaribio. Kushoto, moto ukatoka mzuri, ukakohoa, ukawa mzuri tena. Kulia, ukatoka uleule wa zamani, salama, wenye moshi. Akachora, akafuta. Wakati mwingine alijikuta anamuuliza baba yake kwa sauti, kisha anakumbuka.

Meneja hana shida hizo. "Fundi, wewe nakili tu. Kinafanya kazi, sasa unauliza nini?"

Nimeona picha ya mzee akiwa ameinama kwenye lile tundu. Nimeitazama mpaka macho yakaniuma. Ni uso wa bingwa aliyeshinda, au wa mtu asiyejua yuko wapi? Siwezi kuwadanganya. Sijui, na nyumbani kwake hawajui.

Kwa mama, kwa binti, kwa mafundi wote wa karakana ile, poleni sana. Tunalia nanyi. Mungu amlaze pema mzee wetu. Nanyi mnaonisikiliza, tafakarini: kama nyumbani kwenu yupo mtu anayejua kitu, msimuulize tu kinafanywaje. Muulizeni kwa nini. Akiwajibu kwa utani, muulizeni tena, hata akikasirika.

Leo asubuhi binti alikwenda kiwandani. Meneja alikuwepo, vibarua walikuwepo, na tanuri dogo lilikuwa wazi, linasubiri. Mwashaji, kijana wa watu mwenye watoto wawili, akamfuata.

"Dada fundi, niambie ukweli. Mzee alikosea au hakukosea?"

"Sijui."

"Hiyo sijui ni ya kuwasha au ya kutowasha?"

Meneja akaguna. Binti akamtazama, kisha akamgeukia mwashaji, akapaza sauti mpaka waliokuwa mlangoni wakasikia.

"Ni ya kutowasha, kaka. Nisichokielewa sikuwekei usoni, hata kama ni cha baba yangu. Na nitakapokielewa, nitakiwasha mimi kwanza, wewe ukiwa nje. Nakuahidi mbele ya hawa wote."