Shangazi Yetu Msusi, Aliyejifunza Kuwepo Mbele za Mungu

Shangazi yetu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1953, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mfua mashuka wa hospitali. Alibatizwa chini ya turubai, katika kanisa ambalo baba yake alikuwa bado anapandisha kuta zake, na wanasema mvua ilimwahi mchungaji kumnyunyizia mtoto maji.

Alianza shule mwaka 1961 na kumaliza darasa la nane mwaka 1968. Hakuwa mzito wa akili, ila akili yake na yeye hawakukaa kiti kimoja. Mwalimu wa hesabu alipoita majina, alinyamaza kwenye lake na kuitika kwenye la mwenzake. Mwalimu akamwita Haupo, na jina likamganda. Siku moja alitumwa bombani na ndoo, akarudi na salamu za jirani. Ndoo ilibaki bombani.

Alijifunza ususi kwa mama mmoja mkali, kisha tarehe 20 Desemba 1975 akafunga ndoa na fundi bomba, ambaye ni mjomba wetu huyu aliyeketi hapa mbele. Walijaliwa watoto watatu. Waliishi na mama mkwe, aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona lakini si wa kusikia. Jioni moja, baada ya sala ya mezani, bibi huyo aliweka mkono juu ya meza.

"Mkwe wangu, tumesema nini sasa hivi?"

"Tumesali, mama."

"Sikuuliza tumefanya nini. Nimeuliza tumesema nini."

Shangazi akatupa jicho dirishani. Alikuwa ametamka Sala ya Bwana yote huku akiwaza pazia. Bibi hakumgombeza. Alimwambia aichukue ile sala sentensi moja moja, na asisogee mpaka awe ndani yake. "Ukijikuta umetoka, usijichape. Rudi tu, kama mtu aliyesahau mwavuli. Mungu hahami."

Siku ya kwanza hakuvuka "Baba yetu." Kwenye "utusamehe" alikwama wiki nzima, maana hapo palikuwa na wifi yake, yaani mama yangu, na habari ya sufuria iliyoazimwa isirudi. Waliyamaliza. Polepole shangazi alianza kusali akiwa kazini: kila alipogawa nywele, alisema kimoyomoyo, "Bwana, nipo." Kichwa kilichokuwa mikononi mwake kikawa ndicho kichwa pekee duniani. Kuna waliomcheka kanisani, wakisema sala bila sauti ni usingizi wenye heshima. Aliwajibu, "Basi njooni mnikoromee karibu."

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, redio na maneno mengi. Mwaka 1994 aliingia mteja mmoja, mama kijana mcheshi, akawavunja mbavu wote waliokuwa wakisubiri. Shangazi naye alicheka, kisha vidole vyake vikasimama kisogoni. Akainama sikioni kwake.

"Mwanangu, hapa nywele hazikukatika. Zimeng'olewa."

"Ni kitana tu, dada."

"Kitana hakina hasira."

Yule mama alianza mzaha mwingine, akauacha katikati. Shangazi alizima redio, akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Hakuhubiri wala hakuharakisha. Alingoja, na saluni nzima ikangoja naye, mpaka yule mama akasema yote: kipigo, na kwamba mumewe alikuwa ameapa kumuua akithubutu kuondoka.

Saa kumi jioni mume alisimama mlangoni. "Mke wangu yuko wapi?"

"Yupo," alisema shangazi, kitana mkononi. "Leo hatoki kwa kuitwa. Atatoka kwa kutaka."

Nyuma yake wanawake walisimama mmoja mmoja, wengine kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka. Yule bwana aliwatazama, akatazama barabara, akaondoka.

Mama yule aliishi kwao miezi minane, na mjomba akahamia kwenye kochi akinung'unika kwamba amefukuzwa kitandani na Roho Mtakatifu. Lakini ndiye aliyempeleka mahakamani kila siku ya kesi dhidi ya mumewe, na mama yule akashinda. Leo amekuja na watoto wake, na amenipa ruhusa niyasome haya mbele yenu. Tangu siku ile hakuna aliyemwita shangazi Haupo. Mtaa mzima ulimwita Nipo.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Mikono ilipokosa nguvu ya kusuka, alikaa saluni akiwapokea wateja, na wengi walikuja bila kuhitaji kusukwa. Hospitalini mchungaji alimwombea kwa kasi na kwa sauti kuu. Shangazi akamgusa mkono: "Baba, polepole, nami nataka kuisikia." Wodi ikacheka, mchungaji kwanza. Alasiri ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, aliomba dirisha lifunguliwe. Alimshika mjomba mkono, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akasema, "Nilikuona vizuri, mume wangu. Nashukuru." Akaaga dunia akitabasamu, macho wazi. Mauti haikumvizia, ilimkuta macho, nayo ndiyo iliyoshtuka.

Ameacha mume, binti wawili na mwana mmoja, wajukuu saba, kaka mmoja, mawifi waliopatana naye, na vichwa visivyohesabika vilivyowahi kuinuka kutoka mikononi mwake vikiwa vimenyooka. Hatukuja kumlilia mtu aliyeshindwa. Kaburi limepewa mwili wa kutunza tu, na mwenye mali yuko njiani.

Shangazi, pumzika kwa amani. Tutaonana asubuhi ile.