Melenia Kadzombe, Mama wa Waliozikwa Mpale

Marehemu Melenia Kadzombe alizaliwa tarehe 14 Juni 1961 katika kijiji cha Chitowe, wilaya ya Ntchisi, mtoto wa kwanza wa Laiton Kadzombe na mkewe Nasilina. Alisoma hadi darasa la tatu, kisha akatolewa shuleni ili amlee mdogo wake, Elesi, ambaye ndiye aliyetaka haya yasomwe mbele ya jeneza.

Maisha yake yote alilima tumbaku na karanga. Karanga za mbegu alizificha chunguni. Watoto wa jirani walijua chungu kilipo, naye alijua kwamba wanajua, na kila mwaka alinung'unika huku akikijaza tena.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Bauleni Mkwapatira, aliyehamia ukweni kama ilivyo desturi. Walimpata Tamandani. Watatu waliomfuata walifariki wangali wachanga, kabla ya siku ya kutolewa nje ya nyumba. Mtoto wa namna hiyo hana jeneza wala matanga. Wanawake humbeba kwenye kitambaa hadi kijito cha Mpale. Wanaume hawaendi. Kanisa halipigi kengele, kwa kuwa hakubatizwa. Mama yake hukatazwa kulia.

Baada ya wa tatu, mwaka 1989, mzee wa kanisa alikuja kumwambia kwamba Mungu anamfundisha uvumilivu.

"Mwalimu gani huyo, baba," Melenia alimjibu, "anayeua watoto ili mama yao apate somo?"

Alimkasirikia Mungu mwaka mzima, wala hakumficha. Alimsema kwa sauti akipalilia, hadi majirani wakadhani anagombana na Bauleni. Kisha jioni moja Tamandani, aliyekuwa akijifunza kusoma, akamsomea habari za Yesu kulia kwenye kaburi la rafiki yake. Melenia akataka arudie.

"Kumbe naye alilia," alisema. "Basi huyo anaijua njia ya Mpale. Nitamfuata."

Tangu hapo hakuna mtoto aliyezikwa Mpale bila Melenia kuwepo. Aliomba, aliimba, aliwaambia akina mama walie. Mtoto wa Elesi alipozikwa huko, Melenia ndiye aliyempa jina, maana hakuna mwingine aliyetaka kumwita mtu. Kwa kosa hilo, mwaka 1996 wazee walimvua sare ya umoja wa akina mama na kumzuia meza ya Bwana, wakisema anajifanya mchungaji. Alikaa benchi la nyuma hadi mwisho. Hakuna aliyemwomba radhi.

Mwaka 2021 alipatikana na saratani ya kizazi. Wageni wakaja na somo lilelile. Aliwaambia, "Kama mmekuja kufundisha, shule iko kule. Kama mmekuja kukaa, mkeka huo."

Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 2 Februari 2023, Elesi akiwa amemshika mkono.

Jana wazee walileta sare azikwe nayo, tena wakachimba kaburi la heshima nyuma ya kanisa. Elesi aliirudisha. Mjomba wao akamsihi asiwaaibishe watu wazima.

"Mjomba, walimvua akiwa hai," Elesi alisema. "Wasimvike sasa ambapo hawezi kukataa."

Melenia ameacha mume, binti, wajukuu wanne na mdogo wake. Wanawe Limbikani, Yankho na Chisomo walitangulia; aliagiza alazwe karibu nao. Wanawake wamekwisha kuchimba kaburi Mpale. Alale huko kwa amani.

Jeneza hapa kwetu hubebwa na wanaume. Basi inukeni, mbebeni. Elesi atawaonyesha njia.