Mashine ya Mkate na Shibiri ya Bi Wardah

Risala ya Kikundi cha Waoka Boflo wa Majengo, Kismayu, iliyosomwa na katibu wa kikundi, Mishi, mbele ya Mkurugenzi wa Mradi wa Mikono Kazini, siku ya kuzindua mashine ya kukata mkate

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Mhandisi Walidi uliyekaa kulia kwake. Wazee wa mtaa, mama zetu na majirani, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mgeni rasmi, kabla ya lolote tuna ombi dogo. Huo mkasi uliopewa kwenye sinia, uweke chini kwanza. Utepe umefungwa vizuri, hautakimbia. Tunataka utusikilize mikono yako ikiwa mitupu.

KARIBU

Karibu katika tanuri letu. Umeingia kwa raha, wewe na wenzako wanne, mkitembea bega kwa bega. Tusikudanganye, hapo mlipopita si mlangoni. Mlango wetu ni ule mwembamba kule pembeni, uliowekewa magunia ya unga. Hapo mlipopita palikuwa na ukuta. Tuliubomoa wenyewe mwezi uliopita, kwa sababu mashine unayokuja kuizindua ilikataa kuingia mlangoni. Tangu siku hiyo kuku wa jirani wanaingia humu kama kwao.

Barua ya ofisi yako ilitutaka tuandike ukurasa mmoja, na shukrani ziwe mahali patatu. Tumezitafuta hizo shukrani, wallahi, tumepata moja tu. Tunakushukuru kwa kuja na masikio yako. Ukurasa mmoja nao haukutosha.

HISTORIA YETU

Sisi ni wanawake kumi na mmoja. Wengine tulizaliwa hapa Kismayu, wengine visiwani, na wadogo wetu walizaliwa katika kambi za Kenya, baada ya wazazi wetu kukimbia mwaka wa tisini na moja. Tuliporudi hatukukuta nyumba, tulikuta tanuri hili, nalo lilikuwa limeanguka nusu. Tukalijenga.

Mwenyekiti wetu ni Bi Wardah, yule pale nyuma aliyeficha mkono wa kushoto ndani ya leso. Amekataa kuja kusoma mwenyewe. Amesema akisimama hapa atatukana, na mama yake hakumlea hivyo. Basi tutamsemea sisi.

Bi Wardah ni mzaliwa wa Chovai. Alitolewa kisiwani akiwa amebebwa mgongoni, akakulia Mombasa, na huko ndiko alikojifunza boflo. Aliporudi akatufundisha sisi kumi. Wateja wakaja, na mkubwa wao ni Hodan, mwenye mkahawa wa chai karibu na lango la bandari. Wapagazi wake wanataka mkate uliokatwa slesi nyembamba za sawasawa, mtu na mwenzake wasigombane nani kapata nene. Boflo mia mbili kila asubuhi, kwa kisu. Na kisu alikishika Bi Wardah, kwa sababu sisi wengine slesi zetu zilikwenda upande.

Sasa tazama, Mgeni rasmi, mkate unavyokatwa. Mkono wa kulia una kisu, wa kushoto umeshika mkate. Ni huo wa kushoto unaoumia. Miaka minane iliyopita kisu kilipita kwenye kidole chake kidogo kikaondoka na pingili mbili. Alifunga leso, akakaa juu ya gunia la unga, rangi imemtoka usoni, na neno la kwanza alilotamka lilikuwa: "Zimebaki ngapi?"

Alikuwa anauliza boflo. Zilikuwa zimebaki arubaini, na kesho yake alikata nyingine mia mbili.

MAFANIKIO YETU

Mwaka jana bega lake lilikataa. Asubuhi moja alishindwa kuinua mkono kufunga mtandio wake, akamwita Ummi, mdogo wetu kuliko wote, amfungie. Ummi akamfungia huku analia. Wardah hakulia. Alikasirika, tena alikasirika na kisu, na meza fupi inayomkunja mgongo, na miaka yote aliyodhani kazi lazima iume.

Akaanza kututazama. Tulidhani amechoka, kumbe anapima. Alitazama viwiko vyetu vinafika wapi tukisimama, nani anainama, nani anajinyoosha. Alichukua kamba ya mshipi, akatupima mmoja mmoja kutoka chini hadi kwenye kiwiko, akafunga fundo kwa kila mmoja. Kati ya mafundo kumi na moja akachagua la katikati, akasema mdomo wa mashine utakaa hapo, asiwepo wa kuinama wala wa kuinua bega.

Na mashine yenyewe, Mgeni rasmi, aliifikiria mpaka akawa anaongea peke yake. Sanduku jembamba la kuweka mkate mmoja. Kifuniko kizito juu, kinachousukuma mkate uteremke wenyewe taratibu. Chini yake nyembe za msumeno wa chuma zimepangwa kwenye fremu, mota ndogo inazitikisa kwenda na kurudi. Mkate unaingia mzima juu, unatoka chini umeshakatwa, na mkono wa mtu haukaribii hata wembe mmoja. Na kanyagio, kama la cherehani. Ukikanyaga inakwenda, ukiinua mguu inasimama papo hapo. "Mikono ikishughulika mguu ndio mlinzi," alimwambia Fundi Mzamil, yule mchomeleaji anayetengeneza injini za boti.

Mzamil alimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili alikuja na mbao na nyembe. Jaribio la kwanza lilitoa makombo matupu, maana mkate ulikuwa moto. Wardah akaamuru upoe kwanza. Jaribio la tano lilitoa slesi kumi na nne, zote sawa. Alizipanga mezani kama karata, akazikagua, akala moja kavu bila chai. Sisi tukapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Hayo ndiyo mafanikio yetu. Tuliyapata kabla hatujalisikia jina la mradi wako.

MATATIZO YETU

Barua ilitutaka tuandike "changamoto". Tumelikataa hilo neno. Yaliyotupata ni matatizo, na mojawapo limeshonwa nyuzi saba.

Mradi ulipotangaza kwamba utatengeneza kwa chuma mashine zilizobuniwa na wafanyakazi wenyewe, tulifurahi. Bi Wardah alichora yote kwenye karatasi ya mfuko wa unga. Hana rula. Alipima ile mashine ya mbao kwa shibiri, kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo, kama tunavyopima kila kitu humu, mkeka, pazia, sanda. Kimo, shibiri sita. Upana, shibiri tatu. Unene wa slesi, kidole kimoja. Ofisi yako ikachukua mchoro, ikachukua na mashine ya mbao, ikatuambia tungoje.

Tukangoja miezi mitano. Ilipokuja ikabeba ukuta wetu. Tulipoisimamisha, mdomo wake ulifika kidevuni kwa Bi Wardah na puani kwa Ummi. Slesi zilitoka kumi badala ya kumi na nne. Hodan aliinua moja akauliza, "Huu mkate au tofali?" akazirudisha zote.

Wardah alizunguka lile lichuma. Akaupandisha mkono wake wa kushoto kuanzia chini, shibiri baada ya shibiri. Akafika tisa kasoro kidogo. Akarudia. Tisa kasoro kidogo. Akajiona mjinga, akatuambia labda aliandika vibaya. Ndipo Ummi akaweka mkono wake kando ya wa Wardah, na sote tukaona.

Mgeni rasmi, kosa letu tunalikiri mbele ya watu. Anayepima huku anaandika hushika chaki kwa mkono wa kulia, akapima kwa wa kushoto. Na mkono wa kushoto wa Wardah hauna kidole kidogo kizima. Shibiri yake haifiki sentimita kumi na sita. Amepima nayo miaka minane, mapazia yetu yote yametoka sawa, kwa kuwa yeye ndiye aliyepima na yeye ndiye aliyekata. Akasahau kwamba si mkono mzima. Na sisi tulisahau pamoja naye.

Lakini sikiliza na la pili. Ofisi yako na tanuri letu ni mwendo mfupi wa bajaji. Mhandisi Walidi hakuipanda hata siku moja. Ile mashine ya mbao alikuwa nayo mlangoni mwake, angeweza kuipima akiwa amefumba macho. Hakuipima. Alisoma "shibiri" na "kidole", akafungua kitabu chake.

Bi Wardah alimwendea. Alikaa nje ya lango tangu asubuhi hadi adhuhuri, mkono ndani ya leso, akipanga maneno ya adabu. Alipoingia, kitu cha kwanza alichokiona ni mashine yake ya mbao, imewekwa pale mapokezi, juu yake chungu cha maua ya plastiki. Miezi mitano tunakata kwa kisu, na mashine imegeuzwa meza ya maua!

Akamweleza mhandisi. Naye akamjibu, tunanukuu, "Shibiri ni shibiri, mama. Sentimita ishirini na tatu. Imeandikwa."

Wardah akamuuliza, "Mwanangu, kitabu chako kiliupima mkono wa nani?"

Mhandisi akatazama simu yake. Akasema, "Mtazoea."

Ala! Tuzoee nini? Pua ya Ummi irefuke?

Tulijaribu kuzoea. Kanyagio lilikuwa limeondolewa, tukaambiwa limepitwa na wakati, mahali pake kikawekwa kitufe juu kabisa. Jumanne ya wiki iliyopita Ummi alipanda kreti ya soda ili aufikie mdomo. Kreti ikateleza. Akaanguka mkono ukiwa ndani ya sanduku, mashine inaendelea kukata, na kitufe kiko juu asikokifikia mtu aliyeanguka. Bi Wardah ndiye aliyeruka akang'oa waya. Kama kanyagio lingekuwepo, mguu ungeinuka, mashine ingesimama. Ndiyo sababu alilichora!

Nyuzi saba kwenye kiganja. Mkono wa kushoto, Mgeni rasmi. Ummi, inua mkono mwanangu, waone. Usione haya, wa kuona haya wamekaa mbele.

Na kwenye ubavu wa mashine hiyo kuna kibao cha shaba kinachosema, "Imebuniwa na Mhandisi Walidi." Hatukucheka, wala hatukulia. Tulikifunika kwa gunia hadi leo.

MAOMBI YETU

Mezani mbele yako kuna hati na kalamu. Hati inasema mashine imekamilika, inafaa, na kikundi kimeridhika. Tumeambiwa Bi Wardah akishatia sahihi, faili la mashine hii linafungwa na hakuna wa kuligusa tena. Sasa tuambie, atie sahihi kwa mkono gani? Wa kulia ndio uliochora mashine isiyofanana na hii. Wa kushoto ndio huo mnaoujua.

Hatii. Na sisi kumi hatumwombi atie.

Tunataka mashine ya mbao irudi hapa leo, kabla ya Magharibi, na maua yenu mbaki nayo. Boflo za kesho zitakatwa nayo. Hili lichuma lirudi kwenye karakana, lipunguzwe kimo na upana. Fundi Mzamil awepo, na kamba yenye mafundo kumi na moja iwepo, maana kamba haina kitabu. Kanyagio lirudishwe. Kibao kiandikwe jina la aliyebuni. Na Ummi apelekwe kwa daktari wa mikono, maana vidole viwili havijakunjika mpaka sasa na yeye anajifanya haogopi. Ukuta tutaujenga wenyewe, tumezoea kujenga.

Ombi la mwisho si la karatasi. Umeona mkate ule juu ya kitambaa cheupe? Mgeni hapa kwetu hukatiwa mkate kabla hajaketi. Leo hatukukukatia. Tumekuwekea mzima na kisu kando yake, na kabla ya chai utaukata wewe mwenyewe, slesi kumi na nne za sawa. Utatazama mkono wako wa kushoto unavyokaa. Hapo utakuwa umekata mmoja. Zitakuwa zimebaki mia na tisini na tisa.

Kisha Bi Wardah atakuja mbele. Atautoa mkono kwenye leso, jambo ambalo hajalifanya mbele ya wanaume miaka minane, na amekubali kulifanya leo. Ataukunjua juu ya kitambaa. Mhandisi Walidi naye atainuka, aukunjue wake kando yake. Na wewe, Mgeni rasmi, utasimama baina yao uvitazame viganja viwili, halafu utatuambia kwa sauti, watu wote wasikie, kama shibiri ni shibiri.

Ukishasema, ndipo tutajua huo mkasi urudi kwenye sinia au ukate utepe.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie mikono yako yote miwili na vidole vyako vyote kumi, akupe moyo wa kuona kabla ya kusaini, na amponye Ummi. Amin.

Ni sisi, Kikundi cha Waoka Boflo wa Majengo, Kismayu. Wanawake kumi na mmoja, vidole mia na kumi, kasoro pingili mbili.