Kuhani wa Mji wa Chini ya Ziwa

Pale Kawajense, kijiwe cha kahawa cha mama Theopista kilikuwa na sheria mpya: Nashon wa bodaboda, jina la kijiweni Redio, asiuziwe kahawa. Hakuwa na kosa lolote. Alikuwa anaota ndoto ya mfululizo, kila usingizi ukianzia ulipoishia wa jana, na wenzake waliogopa kahawa itamkatia stori. Asubuhi hiyo moshi wa mioto ya kiangazi ulikuwa umelala barabarani, ng'ombe wakipita ndani yake bila miguu kuonekana. Mwisho wa benchi alikaa Mzee Séverin, katekista, mkono mfukoni, ameshika ufunguo wa kanisa la zamani lililo ng'ambo ya barabara. Kuta zilishapasuka, sala zilihamia chini ya turubai, na kamati ya kanisa ilikuwa njiani kuuchukua ufunguo ili jengo libomolewe. Alishawaambia hautoi. Ndoto ya Nashon aliisikiliza kuliko wote, maana kuhani wa humo alikuwa na sura yake.

— Haya Redio, huko chini ya ziwa pamefikia wapi? — aliuliza Masele, mfugaji aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Usukumani.

— Pabaya. Mji mzima uko barabarani. Wanataka Malkia wa Mvua ang'oke. Wamechoka kugawiwa mvua kwa zamu.

— Na mimi? — Séverin aliuliza.

— Uko mlangoni kwake, mzee. Kanzu nyeupe, peke yako. Unawaambia mvua ikitoka yote kwa mkupuo hamtakuwa na pa kukanyaga.

— Samahani katekista, — alisema Masele, — ila mimi ng'ombe zangu zinalala na kiu kule Kakese. Ningekuwepo, huo mlango ningeusukuma wa kwanza.

— Bora hiyo zamu, — alisema Theopista. — Ile mvua iliyokuja yote ilinibebea banda na kuku. Na mimi nawaambia, huyo malkia ni kiboko. Hamwaoni viboko kiangazi wanavyobanana kwenye tope? Kuna kitu wamekikalia.

— Basi ni serikali ya viboko, — alisema Masele, — na kuhani analipwa majani. Nyie mnataka mapinduzi yasitokee?

Walicheka. Séverin alicheka kidogo, kisha moyo ukamuuma.

— Kwa nini mimi ndiye niwe wa kulinda ya zamani? Nchi hii nimeingia mgongoni mwa mama, tunakimbia. Nimehama nyumba, nimehama mashamba. Sehemu moja tu sijahama.

Hakuna aliyegeuka kulitazama kanisa. Wote walijua ibada ya mwisho mle ndani ilikuwa ya kumuaga Prisila, mkewe.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama na furushi lake, Emelyne wa Litapunga, akisubiri pikipiki ya Nashon. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani baba zangu. Ndani ya huo mlango kulikuwa na nani?

— Si ndiye malkia, — alisema Masele.

— Mmemuona?

Masele akamgeukia Nashon. Nashon akakuna kichwa.

— Kila nikifika hapo naamka.

— Basi lala, — Masele alimwambia. — Lala hapo hapo kwenye benchi, ukamuulize.

— Na safari yangu? — alisema Emelyne.

— Subiri dada, anawahi kurudi.

Nashon alijinyoosha, akafunika uso kwa kofia. Theopista akamgeukia Séverin, sauti chini.

— Mzee, uliyekuwa mlangoni ni wewe. Hujui aliyemo?

Tangu msiba Séverin alikuwa akifagia ngazi za kanisa kila asubuhi na kurudi nyumbani. Ndani hakuwa ameingia tena. Alikuwa anaogopa, na hilo hakuwa amemwambia mtu.

Watu wa kamati walitokea kwenye moshi. Mzee akasimama, akavuka barabara kabla hawajamfikia, na kijiwe kizima kikamfuata, akabaki Nashon anakoroma. Mwenyekiti alinyoosha mkono kupokea ufunguo.

— Nitafungua mwenyewe, — alisema Séverin.

Akautoa mfukoni. Lakini kabla ya kuutia kwenye kitasa, aligonga mlango wa kanisa lile tupu, taratibu.

— Hodi, — akasema, akasubiri.